Wazo Lililolaliwa Kisongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Ukalimani hakunipa hata kiti. Alinisomea sentensi ya Kiingereza kuhusu wazo lililopandwa, likaota mizizi, likazaa matunda. Nikaitafsiri mbio mbio.

“Binti, unakimbizwa na nani?” akauliza. “Waingereza wana misemo tele ya jinsi wazo linavyokua. Jiulize kwanza msemaji anataka nini, ndipo ufungue mdomo.”

Nilimwona mkali bure.

Nilianzia ukalimani wa kibandani, unapokaa kwenye kibanda cha vioo na kusema huku msemaji bado anasema. Baadaye nikapelekwa vijijini, kwenye ukalimani fuatizi: msemaji anatua, nawe unashika zamu. Huo niliupenda, maana unaona nyuso za watu.

Kijiji kilichonitoa jasho kilikuwa upande wa Kisongo. Mkurugenzi wa mradi, Mwingereza, alikuja na mpango wa bomba la maji. Kina mama wa pale walifuata maji mbali kwa punda, nami nililitamani bomba lile kana kwamba ni langu. Mkurugenzi akaeleza, akasubiri jibu. Kiongozi wa wazee wa kijiji akasema tu, “Tumesikia. Tuonane kesho kutwa.”

Ndiyo desturi yao. Neno zito halijibiwi siku lilipoletwa. Lifike kwanza nyumbani, wake kwa waume walizungumze.

Mkurugenzi akaanza kukusanya karatasi zake. “Hawautaki,” akaniambia. “Nitaupeleka kwingine.”

Niliingiwa na hofu. Mkalimani haongezi neno lake, kwa hiyo nikaomba ruhusa niseme kama mimi. “Bwana Mkurugenzi, kwenu mtu asiyetaka kuamua kwa pupa husemaje?”

Akafikiri. “Let me sleep on it.” Yaani, niache nililalie.

“Basi ndicho walichokuambia.”

Alicheka, akarudi kuketi.

Kesho kutwa yake walirudi, kina mama wakiwa mbele. Bomba walilikubali, ila birika la kunyweshea mifugo walitaka liwe mbali na maji ya watu. Mama mmoja akachora ardhini kwa fimbo. “Hilo sikulifikiria,” akasema Mkurugenzi, akatoa kalamu.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kijenge. Vijana hunionyesha simu zinazotafsiri papo hapo. Sizibezi, zina maneno mengi kuliko mimi. Ninachowasihi ni wasiogope kumuuliza msemaji.

Juzi nilipita kijijini kule. Yule mama mwenye fimbo sasa ni bibi kizee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua bomba, akanikingia kikombe.

“Kunywa, mwanangu.”

Nikanywa, machozi yakinitoka, nikaomba kingine.