Ufagio Mlangoni kwa Bi Nora

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tatu, hapa hapa Bladensburg, huku ughaibuni, nilipochukua ufagio nikaziba nao mlango wa watu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Wewe chukulia kwamba aibu hii ilinizeesha.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi ya kumtunza Bi Nora, bibi Mwairishi wa Belfast. Shule sikusoma sana, ila ndoto nilikuwa nazo tele: siku moja niwe na nyumba yangu ya kulea wazee, kila chumba kicheko. Kila Jumatano alikuja rafiki yake, Mzee Sam, kutoka Landover, mji wa jirani. Naye ni wa Belfast, lakini wa upande wa pili. Bi Nora Mkatoliki, yeye Mprotestanti, upande ulioshikamana na Malkia wa Waingereza, na huko kwao pande hizo ziliuana miaka mingi kabla ya mkataba wa amani.

"Funga mlango," Bi Nora humpokea hivyo, "mtu wa Malkia kaja kumaliza maziwa yangu."

"Nimekuja kuhakikisha Papa habakiziwi keki."

Mimi hoi kwa kucheka. Nikajisemea, kumbe hawa ni watani! Maana sisi Wangoni tulipigana na Wahehe, tukapatana, na leo mtani akija msibani anamwigiza marehemu, anawazibia watu njia, hadi wafiwa wanacheka. Nikaona nimewaelewa kabisa.

Jumatano hiyo Bi Nora alikuwa anamkumbuka kaka yake, Dani, aliyeuawa katika vita hivyo angali kijana. Picha yake ilikuwa mezani, na mshumaa. Mzee Sam akabisha hodi, keki mkononi. Nikaruka na ufagio, nikaziba mlango kama mtani msibani.

"Hupiti, mzee! Sema kwanza, kaka yetu mlimuulia nini?"

Hakucheka mtu. Mzee Sam aliitazama ile picha, akaiweka keki kizingitini taratibu, akageuka. Nikasikia gari linaondoka.

"Aliyempiga Dani risasi ni mdogo wake Sam," Bi Nora alisema. "Miaka tisa tunakunywa chai. Tunataniana Papa, Malkia, maziwa. Hilo hatujaligusa hata mara moja. Umeligusa wewe, binti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jumatano iliyofuata Bi Nora aliandaa vikombe viwili, kimoja kikapoa peke yake. Nikaenda Landover, nikasimama nje ya mlango wa wavu.

"Nisamehe, mzee. Nilidhani amani yenu ni kama yetu."

"Hiyo yenu ina umri gani?"

"Tangu enzi za babu wa babu zangu."

"Basi waliozika ndugu zao wameshakufa," akasema. "Sisi bado tupo." Wala hakufungua.

Jumatano ya tatu akabisha hodi. Akasimama kizingitini, akautazama ufagio pale pembeni. "Leo naruhusiwa?"

Nikampisha. Bi Nora akamjibu kutoka ndani: "Ingia, ufunge mlango. Maziwa nimeyaficha."

Mwanangu, ukikuta watu walioumizana wanacheka pamoja, wewe kaa, mimina chai, cheka wanapocheka wao. Usiguse kidonda ambacho wenyewe hawajakuonyesha. Na ukishakigusa, nenda mwenyewe ukaombe radhi, hata kama hutafunguliwa. Mimi hadi leo nikishika ufagio uso unaniwaka.

Mungu akupe ulimi mpole, mwanangu, na siku utakapokosea, akupe mtu atakayerudi kukugongea mlango.