Siku Tuliyomlilia Bibi, Naye Akaja na Ndoo ya Unga

Jamani, nimeona mambo mengi, lakini siku Bibi alipoingia kwenye msiba wake mwenyewe, mkononi ana ndoo ya unga uliokandwa, hilo sijapata kuona mfano wake.

Alisimama mlangoni akatazama watu wanavyolia. Akaweka ndoo chini, naye akaangua kilio.

Alilia vizuri tu, kwa sauti ya juu. Alipochoka akamwinamia mama mmoja aliyejifunika uso, akamnong'oneza, "Samahani, mwanangu. Hivi aliyekufa ni nani?"

Yule mama akafunua uso. Alikuwa shangazi wa mume wangu, binti yake Bibi wa kumzaa.

Shangazi akazimia pale pale.

Ngojeni, nirudi nyuma, maana naona nimeanzia mkiani.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni moja akaja nyumbani na gunia la shayiri begani. "Mke wangu, mageti basi. Nataka kupika bia yangu mwenyewe."

"Utaipikia wapi, baba?"

"Chini ya ngazi."

Na kweli, kiwanda chetu kilizaliwa chini ya ngazi, ndani ya sufuria tuliyopewa siku ya harusi. Chupa za kwanza tulizificha kabatini. Zikapasuka zote kwa mpigo, na nguo zangu zikanuka baa mpaka nikawa nikipita watu wananionea huruma.

Bia yenyewe? We acha tu. Mapovu tele, ladha ya maji yaliyofuliwa soksi. Ndipo majirani wakambatiza mume wangu jina la Mapovu, na jina likamganda hadi leo.

Tukahamia bafuni, kwa sababu ndiko pipa lilikoenea. Kuoga tukawa tunaoga kwa jirani.

Wakati huo huo Bibi akaja kututembelea. Huyu ni mama wa baba yake Mapovu, na pombe hataki hata kuisikia. Alipoliona pipa, alishika kiuno.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyomtania mjukuu wake, "nimekulea kwa mkate wa mikono hii, leo unanipikia ulevi bafuni?"

Mapovu akacheka. Bibi hakucheka. Akakaa kwetu siku kadhaa, akioka mkate wake na kununa, kisha akarudi kwake.

Sasa lile pipa la bafuni ndilo lililotutoa.

Tulipolifungua tukaonja, tukatazamana. Nanasi bivu, na uchachu kidogo kwa mbali. Tamu hiyo! Mapovu alibubujikwa na machozi. Akaanza kutafuta sababu huku na huku, macho yake yakaangukia dirisha la bafuni. Tulikuwa tumesahau kulifunga.

"Upepo!" akasema. "Chachu imeingia na upepo. Mke wangu, tumetembelewa!"

Kwa msiojua, chachu ndiyo inayoyageuza maji ya kimea cha shayiri kuwa bia, nayo ni kitu hai. Inakula, inapumua, inakufa. Tulikusanya mashapo ya pipa lile kwenye chupa ya mdomo mpana, tukaiweka kwenye friji, na kila tukipika tunachota humo kidogo. Ladha ile dukani huipati hata ulie.

Mapovu akaipa jina. Akaiita Bibi.

"Anataka joto, anataka chakula kwa wakati, na akikasirika nyumba nzima inajua," alisema.

Kutoka bafuni tukaenda gereji. Kutoka gereji tukakodi ghala lililokuwa la magodoro, na matangi Mapovu akayachomelea kwa mkono wake. Lile dirisha je? Alimnunulia mwenye nyumba jipya, akaling'oa la zamani, akalitundika ukutani kiwandani. Ukilifungua unakutana na plasta.

Wageni wakija, anasimama mbele yake na mkono kifuani. "Hapa," anasema kwa sauti ya mhubiri, "ndipo mbingu zilipopitia." Watu wanapiga picha. Hadi kwenye lebo tukaliweka.

Haya, siku yenyewe sasa.

Nilikuwa hotelini, nimekaa mbele ya meneja. Hoteli ilikuwa inafunguliwa upya mwezi uliofuata, na walitaka bia yetu tupu, si nyingine. Meneja akanitolea macho. "Ladha ile ile, dada. Ikibadilika hata kidogo, tusijuane."

Nikamhakikishia. Kila tulichokuwa nacho tulikuwa tumeshakimalizia kwenye matangi mapya. Kazi ile ikitoka mikononi, kiwanda kinafungwa, na mume wangu anarudi kwenye mageti.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti wa Mapovu, analia kama mtoto.

"Bibi amekufa! Nimemuua mwenyewe! Nilimwona ana baridi, nikamtia kwenye maji ya moto apate nguvu, kumbe yamechemka! Nimemchemsha Bibi!"

Mimi nilielewa ni Bibi yupi. Bila chachu ile hakuna ladha ile.

Halafu nikatazama vizuri alikoutuma.

Kwenye kundi la ukoo.

Nilipofika kiwandani, kimenuka. Viti vimepangwa, watu wanalia, na baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, amemkaba Mapovu kola.

"Umemchemsha mama yangu?"

"Baba mkubwa, nisikilize! Huyu siye! Huyu alikuwa kwenye friji siku zote..."

"Mama yangu umemweka kwenye friji!"

"Kwenye chupa, baba mkubwa! Kwenye chupa!"

Jamani, kila akijieleza anazidi kuzama. Nami nikipaza sauti kusema ni chachu, wananiambia mkwe ana uchungu, mpeni maji.

Na Bibi mwenyewe walimpigia, hapatikani. Simu yake huwa anaizima kutunza chaji. Basi wakaona ndiyo hivyo tena, yametimia.

Kumbe mtu alikuwa amempitishia habari kule kwake kwamba kiwandani kwa Mapovu kuna msiba, kafa bibi. Akadhani huenda ni bibi yangu mimi, ila hakuwa na hakika. Akakanda unga, akaupakia kwenye ndoo ili aje awaokee waombolezaji mkate, akapanda basi.

Ndipo akaingia, na shangazi akazimia.

Kilichofuata sikielezi chote. Wapo waliokimbia. Mjomba mmoja alipita kwenye lile dirisha la ukutani, au tuseme alijaribu, na mpaka leo ana nundu. Shangazi alipozinduka akamwona tena, akazimia tena.

Mambo yalipotulia, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mapovu peke yake ndiye hakucheka. Alikaa chini ya dirisha lake, kichwa mikononi.

"Bibi, nashukuru u mzima," akasema. "Lakini yule Bibi mwingine ameondoka na kiwanda changu. Alikuja na upepo, akapitia dirisha hili. Hatarudi tena."

Bibi akalitazama dirisha. Akamtazama Mapovu. Akalitazama tena dirisha.

"Upepo gani?"

"Ule wa bafuni, Bibi."

"Ebo! Upepo wapi na wapi? Mimi ndiye niliyefungua dirisha, harufu ilinishinda. Na kopo langu zima la chachu ya mkate, ninayoikuza mwenyewe nyumbani, nililimwaga mle ndani ya pipa, pombe yako iharibike, uache!"

Midomo wazi kila upande.

Miaka yote ile tumesujudia dirisha.

Kisha macho yote, bila mtu kusema neno, yakahamia kwenye ndoo. Unga ulikuwa umeumuka safari nzima, sasa unausukuma mfuniko taratibu.

Bibi akaikumbatia ndoo. "Hapana! Hii ni ya mkate."

Mapovu akapiga magoti. "Bibi, chachu ile niliipa jina lako."

"Kwa nini jina langu?"

Nilimwona Mapovu anafungua mdomo kutaja kununa, nikamwahi.

"Kwa sababu bila yeye humu ndani hakuna kinachoinuka, Bibi."

"Mke mwenzangu," akasema, "wewe unajua kusema." Lakini ndoo hakuiachia. Alikuwa anawatazama watu mmoja mmoja. "Hivi hawa wote walikuwa wananililia mimi? Nani alilia zaidi?"

Wakamnyooshea kidole baba mkubwa. Mzee mzima, macho yamemvimba.

"Nilidhani umeondoka na sijakuaga, mama," akasema.

Bibi akamfuta mwanawe uso kwa ncha ya kitambaa chake, polepole, kama mtoto aliyetoka kucheza. Mimi mwenyewe nililia, na safari hii sikuwa nalilia chachu.

"Kumbe mnanipenda," akasema. "Mngeniambia tu, hadi mnichemshe?"

Akafungua ndoo, akakata donge, akampa Mapovu. Maji ya kimea akayapima joto mwenyewe kwa kiwiko. "Wewe maji usiguse tena," alimwambia mjukuu wake. Kesho yake mapovu yakapanda hadi mdomoni mwa pipa, na harufu ya nanasi ikajaa ghala.

Bia ilipoiva, meneja wa hoteli alikunywa, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe." Mkataba ukatiwa saini.

Tukamsihi Bibi naye aonje. Akachovya ncha ya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Imeharibika vizuri."

Ndiyo maneno yaliyopo kwenye lebo zetu sasa. Dirisha bado lipo ukutani, ila ukilifungua hukutani na plasta tena. Unakutana na picha ya Bibi, amenuna, anakutazama unavyokunywa. Wateja wanasema hawathubutu kuagiza chupa ya tatu.

Funzo? Kabla hujatuma kilio chako, tazama unamtumia nani. Na mtu wako ukimpenda mwambie mapema, angali na nguvu za kubeba ndoo yake mwenyewe.

Ila nawaomba kitu kimoja. Kule kwake Bibi amewaambia watu kwamba mjukuu wake ana kiwanda cha mkate. Tafadhali msimharibie. Mimi nimeandika hapa kwa amani kwa sababu simu yake imezimwa, anatunza chaji.