Mpishi Aliyekunywa Uji Mchana wa Ramadhani

Nilikuwa Kerege, nikisimamia mafundi kwenye nyumba ya ghorofa ninayoijenga kwa jasho langu, simu ilipoita na nikaambiwa kwamba yule mpishi wa shughuli wa mji wetu wa Bagamoyo amefariki dunia. Alijilaza baada ya swala ya adhuhuri, moyo ukasimama. Wasomaji wangu wa huku pwani hawahitaji kuuliza ni yupi. Kama umewahi kuoa au kuozesha popote kati ya Mlingotini na Saadani, basi huenda wageni wako walikula pilau iliyotoka kwenye masufuria yake. Ila sifa za pilau yake wameshazimaliza wengine huko msibani. Mimi nataka kumsifu kwa jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona.

Wanaonisoma siku zote wanaijua historia yangu, na wasioijua nitawaambia tena kwa sababu sichoki kuisema. Niliondoka hapa na begi moja, nikafika Durban, nikaanza kwa kufua mashuka ya hospitali. Nikasoma huku nafanya kazi mpaka nikapata diploma ya uuguzi, kisha nikahudumu kwenye wodi ambamo watu wazima huachishwa pombe na dawa za kulevya chini ya macho ya madaktari. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni lazima aione. Wapo wanaosema najisifu. Ni kweli, najisifu, na leo nitawapa sababu.

Sote tunaijua desturi ya kuvunja jungu, watu wanapokula na kustarehe kwa mara ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Wanywaji wetu wa siri nao huvunja lao. Hunywa mpaka basi, na kesho yake huacha kabisa kwa heshima ya mwezi. Kwa mtu anayeonja mara mojamoja hakuna tatizo. Lakini aliyekunywa kila siku kwa miaka, mwili wake umeshaizoea pombe, na kumkatia ghafla kunaweza kumuua. Hutetemeka, hutoka jasho, huona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa. Na kwa kuwa hayo huja Ramadhani ikiwa changa, nyumba nyingi hufunga mlango na kusema ni jini.

Ndivyo nilivyomkuta mpishi wetu, Ramadhani moja baada ya mimi kurudi nyumbani. Nilikwenda kwake alasiri kumwagiza futari, maana nilikusudia kufuturisha msikiti mzima, nikamkuta amelazwa mkekani, ameshaanguka kifafa, na mikono yake inacheza kama anayepepeta mchele. Alikuwa akifukuza sisimizi ambao hakuna mwingine aliyewaona. Mwalimu wa madrasa alikuwa akimsomea. Dada yake mkubwa, mwanamke wa heshima zake, alikuwa amekaa mlangoni kuzuia majirani.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Huyu si wa kukaa hapa. Ni wa hospitali."

"Marahaba. Hospitali ya nini? Ana shetani lake."

"Mama, mashetani si wamefungwa mwezi huu? Hii ni pombe iliyokatika ghafla."

"Astaghfirullah! Pombe haijawahi kuingia nyumba hii, wewe Msauzi!"

Kutoka mkekani ikatoka sauti ndogo: "Imeingia, dada. Imeingia na mimi."

Mwalimu akafunga msahafu wake. "Kusoma nitaendelea njiani," akasema. "Mchukueni."

Hospitalini walimtundikia dripu, wakampa dawa za kumtuliza ambazo zingepunguzwa kidogo kidogo, na vitamini ambazo pombe ilikuwa imezimaliza mwilini. Akili ilipomrudia, daktari akamwambia ale na anywe maji mchana, kwani mgonjwa ameruhusiwa. Hapo akagoma.

"Nile mchana, wodi ya wanaume, Bagamoyo nzima ikija kutazama wagonjwa? Bora nife na jina langu."

"Ukifa, jina utamwachia nani?" daktari akamjibu. "Mwili huu jana ulitaka kukata roho. Chagua."

Nikamuona anautazama uji kama mtu anayetazama jeneza lake. Wakati huohuo wakaingia wapishi wenzake, na dada yake akawahi: "Malaria, wanangu. Malaria kali mno."

Mpishi akakichukua kikombe. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, uji ukamchuruzika kidevuni. "Malaria gani, dada?" akasema. "Mimi mlevi. Nimekuja kuachishwa pombe, na uji huu ni dawa yangu." Akanywa wote, mbele yao, jua likiwaka dirishani. Mpishi mmoja akaangua kicheko: "Kumbe ndiyo maana chumvi ilikuwa inazidi!" Wodi nzima ikacheka, na yeye pia. Nimehudumu nchi za watu, nimeona wagonjwa wa kila aina, na sijaona ujasiri unaozidi ule.

Hakurudia tena. Baada ya Idi alizilipa funga zake hadharani, akipika harusi huku amefunga, akimpa mwenzake mwiko na kumwambia, "Onja wewe, mimi leo sionji." Na kila Ramadhani ilipokaribia, wanaume walimfuata kimya kimya nyuma ya jiko. Hakuwahubiria. Aliwaambia tu wasivunje jungu wakajifungia ndani, kisha akavua aproni na kuwasindikiza hospitali mwenyewe. Sehemu yangu katika hayo ninaidai mchana kweupe, na yake ni kubwa kuliko yangu.

Msibani mzee mmoja alisimama barazani kumsifu marehemu. Kwa nia njema akasema kwamba huyu hakuwahi kugusa kilevi maisha yake yote. Watu wakaitikia. Dada yake akatoka mlangoni, kanga kichwani, macho mekundu.

"Baba, usimpunguzie mdogo wangu," akasema. "Alikunywa, tena sana. Akaenda hospitali, akaacha. Msimzike na uongo."

Nyumba yenye mtu anayetetemeka nyuma ya mlango uliofungwa, ifungue leo. Hospitali ipo, na aibu haijawahi kumponya mtu.