Nyama Iliyokataa Kuiva

Duniani kote, kuanzia Kairo hadi Guangzhou, muuza nyama na taa yake hula njama moja: ng'ombe aliyechinjwa jana aonekane kachinjwa sasa hivi. Katika Soko la Burma jijini Nairobi, njama hiyo ililetwa na dada mmoja, Nthambi wa Kariobangi.

Nthambi hutengeneza balbu za LED kwenye kibanda kilichobanwa kati ya fundi wa masufuria na fundi wa mageti. LED yenyewe hutoa mwanga wa buluu. Unga wa rangi unaopakwa juu yake kwa gundi ndio unaougeuza rangi. Wenzake hununua mchanganyiko uliokwisha kutayarishwa. Yeye huchanganya mwenyewe, manjano hapa, nyekundu pale, kama mpishi anayetafuta ladha ya pilau. Shemeji yake wa Njiru alikuwa akingoja mchezo huo umshinde Nthambi ili aende kumsaidia kuuza chakula cha kuku, na Nthambi anaogopa kuku kuliko njaa.

Kwa hiyo Muriuki, mwenye bucha, alipokubali kuzijaribu balbu zake Jumapili moja, Nthambi aliutia unga mwekundu bila uchoyo.

Asubuhi ya Jumapili hiyo nyama ilimeremeta kwenye ndoano.

"Huyu ng'ombe bado anahema!" alisema Bile, mteja wa siku zote, akaagiza mbavu zichomwe.

Kwa furaha, Muriuki akafunga balbu zilizobaki juu ya meza za walaji.

Masinde, mchomaji, akaleta mbavu. Bile akazikodolea macho.

"Wewe, hii ni damu."

"Imeiva, mzee."

"Imeivia wapi? Rudisha."

Zikarudi motoni, zikaja tena, nyekundu kama nyanya. Zikarudi. Meza ya jirani nayo ikarudisha maini.

"Masinde, leo unachoma kwa mshumaa?" mlaji mmoja alipaza sauti.

Masinde alipuliza makaa hadi macho yakamtoka. Mwishowe Muriuki akamwambia avue aproni aende nyumbani.

Nthambi, aliyekuja kutazama balbu zake zikifanya kazi, aliketi pembeni na soda yake, na alikuwa ameshaelewa. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliinyakua sahani ya Bile akatoka nayo juani, Bile akimfuata mbio kama aliyeibiwa.

Nje, mbavu zilikuwa nyeusi tititi.

"Hii ni nyama ama briketi ya makaa?" Bile aliuliza.

"Ni taa zangu," Nthambi alisema. "Nyekundu ilizidi. Mwacheni Masinde."

Muriuki alitazama sahani, kisha akatazama ndoano zake. Zilikuwa tupu, na hata saa saba haijafika.

"Za mezani ng'oa," alisema. "Za ndoano ziguse uone! Na uniletee nyingine za bucha ya ndugu yangu. Halafu za mezani niundie zinazofanya nyama ionekane imeiva."

"Hata ikiwa mbichi?" Masinde aliuliza, akifunga tena aproni.

Muriuki akajifanya hakusikia. Nthambi akapanda juu ya meza kufungua balbu.

"Dada, ngoja kidogo," Bile alimwomba kutoka chini, mdomo umejaa. "Usitoe hiyo kabla sijamaliza. Chini yake angalau inafanana na chakula."