Gauni Lililopungua Msumarini

Gauni langu lilikuwa linapungua likiwa limetundikwa ukutani.

Halijafuliwa. Halijaguswa na maji. Leo naliacha linanikaa vizuri, kesho nikilivaa linagoma kiunoni.

Soma hadi mwisho kwanza, halafu ndiyo uje kwenye maoni kunitukana. Nimezoea.

Naishi nyumba ya vyumba viwili na mume wangu. Na wifi yangu. Wifi alikuja kukaa wiki moja tu, na hiyo wiki yake mpaka leo haina Jumapili.

Mahali pangu pa kushonea ni nyuma ya mlango wa sebule. Sitanii. Ukisukuma mlango kwa nguvu unagonga cherehani. Meza ya kukatia ndiyo hiyo hiyo tunayolia chakula.

Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Kila kazi ina mfuko wake mweusi: kitambaa, uzi wa rangi yake, zipu, karatasi ya kukatia, vyote humo humo. Mifuko inaning'inia kwenye misumari, kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Kazi ya moto inakaa msumari wa kwanza, zilizopoa zinasogezwa kule mwisho. Wakati wa kula nafunga, natundika, tunaweka sahani.

"Nyumba imekuwa bohari," wifi aliniambia siku moja. "Mifuko kila mahali, utadhani mtu anahama."

"Anayehama anajulikana," nikamjibu. "Ni yule aliyekuja na begi."

Akasonya. Nami nikasonya. Ndiyo salamu zetu.

Na ujue, wifi naye anashona. Mama mkwe ndiye aliyetufundisha wote wawili, cherehani moja na makofi yale yale. Ukiweka bandi zake na zangu mezani, ile mishono ya mkono ya kushikizia nguo kabla haijapita kwenye cherehani, huwezi kujua ipi ya nani. Hilo nalo lilikuwa linaniudhi. Kwa nini mtu mbaya vile awe na mkono mzuri kama wangu?

Sasa sikiliza.

Kuna mama mmoja ana duka la nguo karibu na soko. Nikasikia anatafuta fundi, nikaenda.

"Usiniletee maneno," akaniambia. "Njoo Jumamosi asubuhi umevaa gauni ulilojishonea mwenyewe. Nione mkono wako."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Cherehani ya umeme! Kiti changu mwenyewe! Meza ambayo hakuna mtu atakuja kuwekea sufuria!

Sikumwambia mtu. Mume wangu hana kifua, angemwambia dada yake kabla hajavua viatu. Na wifi angeniwahi.

Chini ya kitanda kulikuwa na kitambaa alichotuachia mama mkwe, buluu nzito. Nikakata gauni la kunyooka, zipu mgongoni. Nilishona asubuhi wifi akiwa kwenye kibanda chake cha biashara, maana mchana naingia mimi kibaruani na yeye ndiyo anarudi.

Kama hujawahi kujipima nguo mwenyewe, hujui tabu. Kioo chetu ni kile cha mume wangu cha kunyolea ndevu. Nikikiinua naona mabega, nikikishusha naona kiuno. Mgongo sijawahi kuuona. Pini nazibandika kwa kubahatisha, moja kwenye kitambaa, moja kwenye nyama.

Lakini likakaa. Nikapiga bandi, nikalirudisha mfukoni, msumari wa kwanza.

Asubuhi iliyofuata nalivaa, limebana.

Nikasema labda nilikosea. Nikafumua ubavuni, nikaliachia kidogo, nikapiga bandi upya.

Kesho yake, limebana tena.

Nikaliachia. Likabana. Nikaliachia. Likabana. Naangalia bandi, ni mkono wangu mtupu! Nikaanza kuogopa mwili wangu. Nikaacha kula jioni.

"Siku hizi huli?" wifi akauliza, anatabasamu upande mmoja. "Unajinyima ili iweje?"

Hapo ndipo nilipong'amua. Ni yeye! Nikitoka tu, ananipunguzia gauni nijione nimenenepa. Mchawi anayetumia sindano!

Ila nitamuuliza vipi? Nikilitaja gauni, itabidi nitaje na duka. Basi tukagombana kwa mambo mengine. Tuligombania pasi, tukagombania ndoo. Nilimwambia chumvi anaitia kama anapaka chokaa. Yeye akaniambia nafunga mlango kama polisi.

"Hivi nyinyi mnagombania nini hasa?" mume wangu akauliza.

"Hakuna," tukajibu kwa pamoja. Ndilo neno pekee tuliloafikiana mwezi ule.

Jumamosi ikafika. Wifi yuko bafuni. Nikachukua mfuko msumari wa kwanza, nikatoa gauni, damu ikanipanda.

Hakuna bandi. Limeshonwa kwa cherehani, mishono imerudiwa mara mbili ubavu mzima. Na lilikuwa jembamba kuliko siku zote.

"Ameamua kunimaliza," nikasema peke yangu.

Nikalivaa kwa hasira. Nililivuta, nikajikunja, nikaacha kupumua. Nikafunga uzi kwenye ulimi wa zipu, nikavuta kutoka begani. Ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikakwama. Haipandi, haishuki. Mikono yangu iko juu kama mtu aliyekamatwa.

Mlango ukafunguliwa, ukagonga cherehani. Wifi huyo, na taulo.

"Vua gauni langu!"

"Gauni lako? Una wazimu wewe!"

"Mimi ndiyo nina wazimu? Kila siku nalibana, kila siku unaliachia! Unataka nionekane nimevaa gunia?"

"Wewe ndiye unayelibana!"

"Nalibana kwa sababu ni langu!"

Akaenda mpaka msumari wa mwisho, kule dirishani, akashusha mfuko, akanirushia kifuani. Gauni langu lilikuwemo. Buluu ile ile, mtindo ule ule, bandi nilizopiga siku ya kwanza hazijaguswa.

Alikuwa amekata lake kwenye kitambaa kilichobaki, kwa karatasi yangu.

"Na kwa nini ulitundika msumari wa kwanza?" nikamfokea.

"Si ndiyo sheria yako? Kazi ya moto msumari wa kwanza! Nilipeleka mfuko wako kule mwisho, nikaweka wangu. Ningeuweka wapi kwingine kwenye nyumba hii? Mdomoni?"

Kumbe tangu siku ya pili nilikuwa napima gauni la mtu. Naye hakuweza kusema kitu, maana naye alikuwa anaficha.

Nikamtazama. Akanitazama.

"Unaenda wapi Jumamosi asubuhi na gauni jipya?" nikauliza.

"Wewe unaenda wapi?"

Kumbe sote tulikuwa tunaelekea duka lile lile.

"Kiti ni kimoja," akasema taratibu.

"Nifumue nitoke."

Akachukua wembe, akakaa nyuma yangu. Akakata uzi mmoja. Akatulia. Akakata mwingine.

"Fanya haraka!"

"Ni kazi yangu hii, sitaki kuiharibu." Halafu akainuka. "Ngoja kwanza ninywe chai."

Jamani, akamimina chai! Mimi nimesimama mikono juu, muda unakwenda, yeye anapuliza kikombe. Alikuwa radhi tukose wote.

Nikavuta pumzi yote iliyokuwamo nyumbani, nikasukuma viwiko nje.

Praaa!

Mshono wake haukuachia, mkono wa mama mkwe hauachii. Kilichochanika ni kitambaa chenyewe, kutoka kwapani hadi nyongani.

Wifi hakulia. Alilitazama lile gauni, akaweka kikombe chini.

"Nenda," akasema. "Na hicho kiti kikuvunjikie."

Nikapitisha langu kwenye cherehani mbio mbio, nikavaa, nikatoka bila kuaga.

Mwenye duka akanizungusha. Akabana kitambaa mgongoni kwangu kwa vidole viwili.

"Mbele safi kabisa," akasema. "Nyuma kumevimba. Hukupimwa na mtu."

"Nilijipima mwenyewe, mama."

"Ndiyo maana. Mgongo haujipimi. Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mwembamba. Aliniletea kipande alichoshona, na nikiangalia mshono wako najua mmefundishwa na mtu mmoja. Naye nilimwambia aje leo. Nataka mafundi wawili, mmoja avae, mwingine abandike pini. Mmoja hanisaidii kitu. Kaa pale, umngoje."

Akaninyooshea benchi. Mbele yake kulikuwa na cherehani mbili zinatazamana, na viti viwili.

Nikatoa simu.

"Wifi, njoo. Vaa chochote, njoo. Viti ni viwili."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Asubuhi kimoja, saa hii viwili? Unataka nije na taulo watu wanicheke? Usinizoee."

Akakata. Nikapiga tena, kazima simu.

Nikainuka nimwombe mwenye duka ruhusa nikamfuate nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, wakaingia wasichana wawili, ndugu, wanacheka. Mmoja anamrekebishia mwenzake kola huku wanatembea. Mwenye duka akamzungusha mmoja, akamzungusha wa pili, akapitisha kiganja migongoni mwao. Akawavutia viti.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira na dunia nzima, mimi mwenyewe nikiwamo.

Wifi bado yupo. Anawaambia watu nilikataliwa, kisha nikatunga habari ya viti viwili ili nijiliwaze. Mume wangu anamwamini yeye. Ndiyo maana nimeyaleta huku.

Nyinyi mnaoishi nyumba za kugongana viwiko, fundisho langu ni moja tu. Mfuko utapata msumari na cherehani itapata kona, lakini siri mbili hazienei nyumba moja. Semezaneni, hata kama ni kwa kutukanana.

Na wewe wifi, najua unasoma. Nakusikia unavyosonya huko nyuma ya pazia.

Viti vilikuwa viwili. Nenda kaulize.