Giaboksi la Pili la Baba

Sisi tuliokulia Jang'ombe zile zama tulimjua mtu kwa mngurumo wa gari lake. Tukiwa barazani tunacheza mdako, tulijua Baba anarudi kabla hajakata kona, maana pikapu yake kuukuu ilinguruma mpaka kuku wakapanda ukutani. Wajukuu zangu wakisikia ilikuwa na gia tatu tu, hucheka. Wacheke. Wao wakipewa gari la kuingiza gia kwa mkono hawalitoi hata uani.

Ubaya wa pikapu ile, hata gia yake ya juu ilikuwa ya chini. Barabara ikinyooka, injini ilipiga ukelele na mwendo ukabaki ule ule. Mama yangu, Bi Zuhura, kwao Makunduchi, na kila safari alirudi kichwa kinamgonga, kajifunga kanga kipajini. Mwisho akasusa.

"Mie siendi tena na hiyo zumari yako, Bwana Saidi. Nshachoka."

Akawa anampelekea bibi, mama yake, halua na salamu kwa mikono ya Baba. Baba akenda peke yake, hana wa kumtania njiani. Bibi naye akaanza kuuliza kama bintiye kafa, watu wanamficha.

Baba akenda kutafuta dawa ya kelele ile. Siku moja akaja na Mjomba Haji, kaka yake Mama, aliyekuwa fundi Bububu, wamebeba giaboksi dogo la lori bovu. Wakakikata kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, wakalipachika giaboksi katikati, na mkono wake wa gia ukasimama ubavuni mwa ule wa zamani. Sisi watoto tulikaa tunakula shokishoki, tukijiona ndio wasimamizi.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Baba alipovuta mkono wa pili, injini ililia zaidi na pikapu ikatambaa. Bi Mize, muuza mbaazi, akaipita na sinia lake kichwani, kisha akageuka.

"Jee, niwasaidie kusukuma?"

Mtaa ukaangua kicheko. Kumbe giaboksi lile liliundwa kupandishia lori mlimani na mzigo wake. Kazi yake kupunguza mwendo.

Mama, dirishani, hakuiacha nafasi hiyo. "Si mligeuze basi, nyuma iwe mbele! Huenda na tabia ikageuka."

Baba akacheka. Mjomba Haji hakucheka. Alichutama, akazungusha ncha ya nyuma polepole, akaona ya mbele inazunguka mbio.

"Saidi," akasema, "dada yangu kasema kweli bila ya kujua."

"Nani kakwambia sijui?" Mama akajibu, akafunga dirisha.

Wakalifungua giaboksi, mhunzi akawatengenezea viungo vipya, wakalifunga kinyume.

Ijumaa baada ya sala, Baba akambembeleza Mama mpaka akapanda. "Likilia mpaka Tunguu," Mama akasema, "nashuka, narudi kwa miguu." Mimi nilibanwa katikati yao. Gari likalia kama kawaida, na Mama akaanza kukaza kanga kipajini. Tulipokaribia Tunguu barabara ikanyooka. Baba akakanyaga klachi, akavuta mkono wa pili.

Sauti ikashuka. Mama akashtuka. "Limezima?"

Halikuzima. Lilikuwa likienda mbio kuliko lilivyopata kwenda, na tukasikia upepo, tukasikia matairi. Tulipopita Jozani tukasikia hata kima wakiitana mitini. Mama akaifungua kanga polepole. Baba, kwa mazoea ya miaka, akapaza sauti:

"UNAONAJE, BI ZUHURA?"

"Usinipigie kelele," Mama akasema. "Niko hapa hapa."

Wakazungumza mpaka Makunduchi. Bibi alitoka mlangoni akamtazama bintiye juu mpaka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe uko hai." Kisha akamkumbatia, akalia.

Siku hizi mjukuu wangu hunipeleka huko kwa gari linalojibadilishia gia lenyewe, vioo vimefungwa, injini huisikii. Kila mmoja kainamia simu yake. Nikiuliza jambo, najibiwa "mm". Wazee wangu walikihangaikia kimya kile kwa nyundo na jasho ili wapate kuzungumza. Sisi tumekipata bure, na hatuna la kuambiana.