Ekseli Niliyoona Haya Kuigonga

Mwanangu, kabla hujaenda Tunduma kutafuta hiyo ekseli ya mtumba, kaa kidogo. Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikishika nyundo, na leo nataka uibebe nawe.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, vita vikuu vimeisha, na mimi nina nguvu za kijana na akili za kijana, yaani nusu. Baba alipofariki alituachia lori dogo. Mimi nilikuwa dereva, na mama yangu, mfinyanzi wa hapahapa Itaka, ndiye abiria wangu wa kila wiki. Alikuwa akikaa juu ya magunia na vyungu vyake, twende kuviuza milimani Ileje. Sasa lori lile lilikuwa la njia za tambarare. Kila masika, kwenye matope ya milima ile, lilikata ekseli, kile chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, tukabaki tumekwama.

Nikasikia kwamba kule Saza, karibu na migodi, kuna lundo la magari mabovu, na kati yake malori ya jeshi yenye ekseli nene kuliko zetu. Nikaenda na fundi wangu, Mzee Simbeye, Mnamwanga mmoja mpole, asiyekuwa na haraka hata mvua ikimnyeshea.

Tulifungua malori mawili. Ekseli za la kwanza zilikuwa na kutu. Za la pili ziling'aa kwa grisi, nikasema ndizo hizi. Mzee Simbeye akaniambia, "Taratibu, kijana. Mama yako akiuza chungu, mnunuzi anafanya nini kwanza?"

"Anakigonga kwa kidole, asikie mlio."

"Basi ining'inize kwa kamba uigonge. Chuma kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa."

Nilikataa. Unajua kwa nini? Walikuwepo pale madereva kutoka ng'ambo ya mpaka, wa Rodeshia, wamevaa kofia, wanavuta sigara wakitutazama. Kugonga na kutega sikio ni mambo ya akina mama sokoni, na mimi dereva mzima niliona haya. "Mzee, hiki ni chuma, si udongo," nikamjibu kwa sauti, nao wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, nakwambia ukweli. Mzee Simbeye akachukua spana zake.

Tukazifunga. Wiki ya kwanza lori lilipanda mlima kama halikubeba kitu, nikapiga honi njia nzima. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu, kwenye kona ya juu, nikasikia mlio mmoja mkavu. Gurudumu la kushoto likachomoka na kipande cha ekseli, lori likalala upande, na mama akaanguka na vyungu vyake vyote.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliyekataa kusikia ni mimi, mwanangu, na guu lililovunjika ni la mama yangu.

Nilipomfikia hakuwa analia. Aliniomba nimletee kile kipande. Nilidhani maumivu yamemchanganya. Akakishika, akapatazama pale kilipokatikia: upande mmoja ulikuwa mweupe, mpya, upande wa pili mweusi, umekwisha kuliwa na kutu. "Ufa huu si wa leo," akasema. "Umechukua chungu bila kukigonga." Hapo nililia mimi.

Mguu uliunga vibaya, akawa anachechemea. Siku alipoweza kutembea na fimbo, alitaka nimpeleke Saza. Akakaa juu ya debe mbele ya wanaume wote, mimi nikaning'iniza ekseli moja baada ya nyingine na kugonga. "Imekufa," akasema. "Na hiyo imekufa." Tulipofika kwenye ile ya kutu niliyoidharau, ililia, ikaendelea kulia. Mama akainua fimbo. "Hiyo ifunge." Sijui kama kuna mtu aliyecheka siku hiyo, maana nilikuwa nasikiliza chuma.

Ekseli ile ilimpandisha mama milimani mpaka mwaka aliofariki. Lori lilioza, yenyewe ile pale, imeegemea ukuta.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitafuta chuma, au rafiki, au mchumba, usitosheke na kung'aa kwake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gonga usikilize, na wala usifanye haraka. Na maarifa usiyaonee haya kwa sababu tu umeyakuta mikononi mwa mama yako. Ukiyakataa ili watu wasikucheke, atakayeumia huenda si wewe. Ataumia yule aliyekaa juu ya magunia akikuamini.

Nenda sasa, na nyundo uichukue. Mungu akutangulie njiani, akupe sikio jepesi, na kila utakayempakia umshushe akitembea kwa miguu yake miwili.